Mbwa huyu ni wa nani?

Kisa nitakachosimulia leo sikukisikia kwa mtu. Kilitukia katika mtaa ninakoishi hapa Nairobi, jioni ya Jumamosi, saa ile ambayo akina mama wanaanua nguo na watoto wanaitwa ndani bila kuitika. Mvulana wa jirani yangu, wa umri wa miaka minane, alikuwa ameinama kutoa mpira chini ya gari bovu lililoegeshwa kando ya ukuta. Mbwa aliyekuwa amelala humo akamng'ata kwenye shavu la mguu.

Mbwa mwenyewe sote tulimjua. Watoto walimwita Simba. Alilala chini ya ngazi, akala makombo ya ugali na mifupa kutoka kwa mwenye bucha, na usiku alimfuata askari wetu wa lango katika mizunguko yake. Alikuwa mbwa mpole. Ndiyo maana watu wengi waliokusanyika jioni ile walimlaumu mtoto kabla ya kumtazama mguu.

Ushauri ulimiminika. Mmoja akasema jeraha litiwe jivu. Mwingine akataka mafuta ya taa. Mzee mmoja akashauri tusihangaike kwa kuwa yeye aling'atwa mara mbili alipokuwa kijana na bado yu hai. Mimi, niliyewahi kuandika makala mbili tatu za afya katika kurasa hizi, nilikuwa nimesimama pale nikirudia, "Mpelekeni hospitali, mpelekeni hospitali," na wala sikukumbuka jambo la kwanza lililopaswa kufanywa, ambalo lilihitaji bomba la maji na kipande cha sabuni tu.

Jambo hilo tulilikumbushwa na muuguzi wa zamu katika kituo cha afya tulichokimbilia.

"Jeraha limeoshwa na nini?" akauliza.

"Bado, sista," mama ya mtoto akajibu.

Muuguzi hakugomba. Alimshika mtoto mkono, akamweka kwenye sinki, akafungua bomba na kuanza kuosha kwa sabuni ya kufulia. Akasuuza, akapaka tena, akasuuza. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Niliangalia saa ya ukutani: dakika kumi na tano kamili. Kisha akafungua daftari kubwa, akachora mstari kwa rula, na kuuliza swali ambalo halijanitoka akilini hadi leo.

"Mbwa ni wa nani?"

Tukatazamana. "Ni wa mtaa," mama akasema hatimaye.

"Mtaa hauna kadi ya chanjo, mama."

Chanjo ya binadamu ilikuwa imekwisha katika kituo hicho. Tuliitafuta katika maduka ya dawa mjini, na ikapatikana usiku kwa pesa ambazo mama huyo alizikopa kwa mweka hazina wa chama chao. Dawa ya kingamwili, ile inayodungwa kwenye jeraha lenyewe ili kuzuia virusi wakati mwili unajifunza kujikinga, ilipatikana Jumatatu katika hospitali nyingine. Ratiba aliyopewa mtoto ilikuwa ya sindano tano katika siku 28. Zipo ratiba fupi kuliko hiyo, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2018, lakini mgonjwa hufuata ile inayotumika hospitalini alikofika.

Kwa nini hofu yote hiyo kwa sababu ya jino moja la mbwa? Msomaji aliye mwanafunzi huenda amefundishwa kwamba kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi vinavyoishi katika mate ya mnyama mgonjwa. Virusi hivyo havisafiri katika damu kama vya magonjwa mengi. Huingia katika mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa aliyeng'atwa usoni anaweza kuugua mapema zaidi, na wapo waliougua baada ya mwaka. Virusi vikishafika, mgonjwa hushindwa kumeza, huogopa hata maji ya kunywa, hubabaika, na hufa. Waliopona baada ya dalili kuanza ni wachache mno duniani kote. Bali kabla ya dalili kuanza, huu ni mmoja wa magonjwa rahisi kabisa kuzuia. Nafasi ya kuokoa maisha ni zile wiki chache za ukimya, wakati mtoto anacheza na kidonda kimefunga, na mzazi anajiuliza kama kuna haja ya kupoteza nauli tena kwa ajili ya sindano ya tatu.

Elimu hii si ya jana. Mnamo Julai 6, 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alisimamia chanjo ya mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa huko Alsace. Mtoto huyo aliishi hadi utu uzima. Pasteur alifariki Septemba 28, 1895, na ndiyo sababu Septemba 28 huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Hata hivyo, makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote walipata ugonjwa kutoka kwa mbwa, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15.

Hapa kwetu serikali haijakaa kimya, na ni haki tuseme hivyo. Baada ya homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007, iliyoua zaidi ya watu 150 nchini, ilidhihirika kwamba daktari wa watu na daktari wa mifugo hawawezi kuendelea kufanya kazi kama majirani wasiosalimiana. Kikaundwa kitengo cha pamoja cha wizara mbili, ya afya na ya mifugo, kushughulikia magonjwa yanayotoka kwa wanyama. Mwaka wa 2014 ukazinduliwa mkakati wa kitaifa wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mkakati huo ulikadiria kwamba ugonjwa huu unaua hadi watu 2,000 nchini kwa mwaka. Nguzo zake si ngumu kuzielewa: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, hakikisha kila aliyeng'atwa anapata matibabu, fuatilia visa, elimisha umma.

Nimeusoma mkakati huo. Ni kazi nzuri ya wataalamu wanaojua wanachokisema. Tatizo langu linaanzia pale karatasi inapoteremka ngazi kuja mtaani kwetu.

Tangu 2013, huduma nyingi za afya na za mifugo ziko mikononi mwa kaunti. Ukifungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, utakuta miongoni mwa kazi za kaunti huduma za afya, huduma za mifugo, na hata utoaji wa leseni za mbwa. Naam, leseni za mbwa zimetajwa katika Katiba. Kwa hiyo Nairobi inapopanga asilimia 70, ni kaunti 47 zinazopaswa kununua chanjo, kutia mafuta kwenye gari na kumlipa mchanjaji marupurupu ya siku. Na ndani ya kaunti yenyewe, anayesimamia afya ya watu ana ofisi yake na bajeti yake, na anayesimamia mifugo ana zake. Chanjo ya mbwa, ambayo ni rahisi, inatoka kwenye fungu la mifugo. Chanjo ya mtoto aliyeng'atwa, ambayo ni ghali mara nyingi zaidi, inatoka kwenye fungu la afya, au mfukoni mwa mama yake. Mifugo wakikosa kununua ya kwanza, gharama inawaangukia afya. Ni vigumu kumwomba mtu atumie pesa zake ili mwenzake aweke akiba.

Ndiyo maana nikimkumbuka muuguzi yule na daftari lake, nauliza linakwenda wapi. Aliandika kila kitu: umri wa mtoto, mahali alipong'atwa, mahali mbwa anapolala. Kwa ofisa wa mifugo, ukurasa ule ni hazina. Ungemwambia kwamba katika mtaa fulani kuna mbwa wa kuangaliwa kwa siku kumi, maana mbwa aliyeng'ata akiwa na virusi mateni huugua na kufa ndani ya muda huo. Akibaki mzima siku ya kumi na moja, familia inaweza kupumua. Lakini ukurasa haukupigiwa simu mtu yeyote. Daftari lilifungwa, likarudishwa mezani.

Hilo nalisema nikijua kwamba njia nyingine ipo. Mkakati wa 2014 ulichagua kaunti tano za kuanzia: Machakos, Kitui, Makueni, Siaya na Kisumu. Mimi ni mtu wa Machakos, na nilipokwenda kumwona nyanya nilikuta siku ya chanjo imetangazwa kanisani Jumapili iliyotangulia na kurudiwa katika baraza la naibu wa chifu. Chini ya mti karibu na shule waliketi watu wawili, mmoja na sindano na mwingine na kalamu, kati yao sanduku la barafu. Waliowaleta mbwa hawakuwa baba wenye maboma. Walikuwa watoto. Kijana wa darasa la tano alivutwa na majibwa mawili kwa kamba ya mkonge hata nikadhani yeye ndiye anayepelekwa kuchanjwa. Msichana mmoja alimbeba mbwa wake mgongoni kwa leso, kama mtoto mchanga, na hakuna aliyecheka kwa sababu mbwa huyo ndiye aliyekuwa mtulivu kuliko wote.

Nyanya alikuwa na mbwa wawili. Alimpeleka mmoja.

"Na yule mkubwa, nyanya?"

"Yule hashikiki, mjukuu wangu. Nani atamfunga kamba?"

Ukitaka kujua asilimia 70 inapotelea wapi, inapotelea hapo hapo: kwa mbwa asiyeshikika, kwa ajuza asiye na mjukuu nyumbani, kwa boma lililo mbali mno na mti ule. Watoto wa mbwa nao huachwa nyumbani kwa dhana kwamba ni wachanga mno kudungwa, ilhali wataalamu wanataka nao waletwe. Hili si dogo. Utafiti uliofanywa huko huko Machakos katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mbwa wa vijijini wengi wao ni wadogo wa umri. Hawaishi sana. Chanja sabini katika mia moja mwezi wa Januari, na kufikia Desemba baadhi yao wamegongwa na magari, wengine wamekufa kwa maradhi, na mahali pao wamezaliwa wengine ambao hawajawahi kuona sindano. Ukiruka mwaka mmoja, unaanza upya. Kampeni ya mara moja yenye bendera na hotuba ni sawa na kumnyoa mtoto mara moja ukitumai nywele hazitaota.

Kwamba kazi hii inawezekana, waulizeni ndugu zetu wa Pemba. Kisiwa hicho kilianza kuchanja mbwa kwa wingi mwaka wa 2010, na kufikia 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Mwaka wa 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje. Wakachanja upya, wakafuatilia kila aliyeng'atwa mmoja mmoja, na kufikia mwisho wa 2018 wakawa wameumaliza tena. Wapo watakaosema Pemba ni kisiwa. Ni kweli. Lakini na sisi tumeanza na kaunti tano tu, na mbwa hasomi ramani ya mipaka ya kaunti.

Wapo pia watakaouliza kwa nini mbwa koko wasiuawe tukapumzika. Zamani mabaraza ya miji yalitegemea sumu na bunduki, na wazee wengi bado wanaona ndiyo dawa. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, yenyewe ina harufu ya siku zile za mkoloni. Kisa cha kwanza cha mbwa mwenye ugonjwa huu nchini kiliandikwa karibu na Nairobi mwaka wa 1912. Lakini imeonekana katika nchi nyingi kwamba kuua hakupunguzi ugonjwa. Anayekufa kwa sumu ni yeyote aliyekula, awe amechanjwa au la. Nafasi yake chini ya ngazi hujazwa na mgeni ambaye hakuna anayejua ametoka wapi. Na mwenye mbwa anayempenda humficha, hata siku ya chanjo ikifika.

Turudi mtaani kwetu. Siku ya nne baada ya kisa, askari wa lango alimkuta Simba amekufa mtaroni nyuma ya jengo. Kabla ya hapo alikuwa ametoweka siku mbili. Je, alikuwa na kichaa, au aligongwa na matatu? Jibu lingepatikana Kabete, katika maabara kuu ya mifugo, umbali usiotimiza saa moja kwa gari kutoka langoni mwetu. Wanachopima ni ubongo. Kichwa kingepaswa kukatwa na mtu aliyefundishwa na aliyevaa glavu, kikawekwa katika barafu na kupelekwa upesi. Katika mtaa wetu wenye watu wenye diploma na digrii, nikiwemo mimi, hakuna aliyejua nambari ya simu ya ofisa wa mifugo wa wadi. Nilipomaliza kuuliza huku na huku, vijana wa mkokoteni wa taka walikuwa wamekwisha kumchukua.

Kwa hiyo Simba hayumo katika takwimu zozote. Ikiwa alikuwa mgonjwa, mwaka ule Nairobi ilihesabu mbwa mmoja pungufu. Mwenye kugawa bajeti hutazama hesabu hiyo hiyo na kusema mbona hali si mbaya. Nasi tulibaki na mbwa wengine waliokuwa wakilala naye na kugombea naye mifupa, na watoto wale wale wakicheza mpira.

Mama ya mvulana ndiye aliyekataa kuachia hapo. Siku aliyompeleka mwanawe kwa sindano ya tatu aliomba ruhusa kazini, akaenda ofisi za kaunti, akatumwa dirisha moja hadi jingine, akampata ofisa wa mifugo. Nilidhani atarudi na hasira. Alirudi na tarehe. Ofisa alimwambia kwamba chanjo anayo kidogo, ila hajawahi kuitwa katika mtaa wa nyumba za kupanga; wanaomwita ni wenye nyumba zao, wenye mageti na mbwa wa kizungu. Tena katika fomu zake kila mbwa lazima awe na mwenyewe.

Alikuja Jumamosi asubuhi na sanduku lake la barafu. Mwenye bucha alitoa mifupa ya kuwavutia mbwa, na watoto wakawashika wale waliowazoea. Mvulana wetu alikatazwa kushika chochote, akasimama ghorofani akielekeza kwa sauti ni nani amejificha wapi. Walichanjwa kumi na mmoja. Wawili walituruka ukuta.

Kwenye kila kadi palikuwa na mstari wa jina la mwenye mbwa. Ofisa aliinua kalamu na kungoja, na kwa mara nyingine tukatazamana. Mwalimu mmoja mstaafu alipendekeza liandikwe jina la jengo. Ofisa akatikisa kichwa, akasema anataka mtu anayeweza kupigiwa simu mbwa akianza kutokwa mate au kuyumba, na ambaye mwakani atamkumbusha aje. Mimi hapo ndipo nilipoona mkakati wa kitaifa kwa macho yangu, mkubwa kama mstari wa kadi. Haukuhitaji mtu aliyemnunua mbwa. Ulihitaji mtu anayemjua.

Askari wa lango akasogea mbele, akavua kofia.

"Andika langu, daktari. Wote hawa natembea nao usiku."

Ofisa akaandika jina lake, na nambari yake ya simu chini yake, kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya nne mzee akamshika mkono.

"Lakini daktari," akasema kwa sauti ya chini, "hii leseni ya mbwa inayosemwa, nitalipishwa mimi?"

Ofisa alicheka, akamwambia hakuja kwa ajili hiyo. Mzee hakucheka. Alimtazama mpaka kadi ya kumi na moja ikaisha, kisha akazikusanya zote, akazifunga kwa mpira, na kuzitia ndani ya kile kibanda chake cha lango, juu ya rafu, kando ya tochi.

Mvulana alipata sindano yake ya tano siku ya 28. Kovu ni dogo. Siku hizi mpira ukiingia chini ya lile gari bovu, anamwita mzee.